Kifungo cha Dereva na Kimya cha Wakubwa

Tarehe 14 Agosti 1990 Askofu Alexander Kipsang Muge, wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret, alifariki barabarani akirejea nyumbani kutoka Busia. Gari lake liligongana na lori. Siku chache kabla ya hapo Waziri wa Leba, Bwana Peter Okondo, alikuwa ametangaza hadharani kwamba Askofu Muge na mwenzake, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, wakithubutu kukanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Askofu Muge alikwenda. Njiani kurudi akafa. Waziri akajiuzulu. Dereva wa lori akashtakiwa, akapatikana na hatia ya kuendesha gari kwa njia ya hatari na kusababisha kifo, akahukumiwa kifungo cha miaka 7. Alipokwisha kutumikia miaka 5, naye alifia gerezani.

Waumini wengi humkumbuka askofu huyo, na ni haki wamkumbuke. Alikuwa miongoni mwa wachungaji waliokataa kura ya mlolongo, ile iliyowapanga wananchi nyuma ya wagombea kama mifugo inayohesabiwa mnadani. Alisema wazi yale ambayo wengine waliyanong'ona jikoni. Lakini ni nani amkumbukaye dereva? Sisi hatutamtaja kwa jina, kwa heshima ya jamaa aliowaacha. Twataka tu kuuliza swali ambalo kanisa na wanamageuzi hawakuliuliza kwa sauti ya kutosha: je, mtu mnyonge akifungwa kwa kifo cha barabarani, ni nani asimamaye naye anapotaka kukata rufaa?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba dereva yule hakuwa na kosa. Mahakama ilisema analo, na sisi hatukuwa mahakamani. Twasema jambo jingine. Kesi ya trafiki huuliza maswali machache: gari lilikuwa upande gani wa barabara, lilikuwa na mwendo gani, breki zilishika au hazikushika. Haiulizi ni nani aliyetoa vitisho, ni nani aliyejua safari ya marehemu, wala ni nani aliyefurahia kifo chake. Hukumu ya kesi kama hiyo inapotolewa, wakubwa huinyanyua kama kifuniko cha chungu, wakasema: shauri limekwisha, mwenye makosa amepatikana, nendeni makwenu. Hivyo kifungo cha mtu mmoja hugeuzwa kuwa kimya cha wengi.

Wakenya wana sababu ya kutoridhika upesi na neno «ajali». Mnamo Januari 1969 Waziri C. M. G. Argwings-Kodhek alifariki jijini Nairobi katika kile kilichoitwa ajali ya gari. Mnamo Desemba 1972 Waziri Ronald Ngala alifariki baada ya gari lake kupata ajali, na taifa likaambiwa kuwa nyuki waliingia garini. Katika kila tukio kulikuwa na maelezo rasmi, na katika kila tukio wananchi wengi walibaki na maswali. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini hawakusema kwamba ajali haina maelezo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: haki ya dereva ya kukata rufaa ni haki ya marehemu pia. Rufaa ni mlango ambao ushahidi hupitia mara ya pili, mbele ya jaji ambaye hakuwapo siku ya kwanza. Tukiufunga mlango huo kwa hasira, au tukiuacha ujifunge kwa sababu mfungwa hana wakili wala nauli, tunawaibia watu wawili ukweli mmoja.

Mbona mwawatetea wauaji?

Twalisikia swali hili kutoka kwa ndugu zetu wenyewe, na ni swali la haki. Hakuna parokia nchini ambayo haijazika watoto wa shule, wafanyabiashara wa sokoni au kwaya nzima kwa sababu ya dereva mlevi, dereva mwenye pupa, au matatu iliyojazwa kama gunia la viazi. Mama aliyempoteza mwanawe hataki kusikia habari za haki za mtu aliyekuwa kwenye usukani. Machozi yake hatuna ruhusa ya kuyapuuza.

Lakini Maandiko tunayoyasoma kila Jumapili hayakuliacha jambo hili gizani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yumo mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Shoka likachomoka katika mpini, likampiga jirani, akafa. Torati haikusema kwamba hakuna kilichotokea. Mtu alikuwa amekufa. Hata hivyo iliamuru iwepo miji ya makimbilio, na kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kikaongeza kwamba mtu huyo asiuawe mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Yaani kati ya kifo na adhabu Mungu aliweka nafasi ya kusikilizwa. Nafasi hiyo ndiyo ambayo leo tunaiita mahakama, na sehemu yake ya mwisho ndiyo tunayoiita rufaa.

Upo mfano wa pili, na huu wawahusu wakubwa. Kutoka, sura ya 21, yaeleza habari za ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe akamwua. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameonywa naye asimfunge, hatia ni ya mwenye ng'ombe. Tuuliize basi: lori lenye breki mbovu, ambalo mwenyewe ameambiwa na dereva mara tatu kwamba halifai, ni ng'ombe wa namna gani? Askari aliyelisimamisha kizuizini, akapokea noti iliyokunjwa, akalipungia mkono lipite, yeye ni nani katika habari hiyo? Mbona kizimbani twamwona mtu mmoja tu, yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote?

Naye Mtume Paulo, alipoona kwamba mahakama ya Kaisaria inataka kuwaridhisha Wayahudi badala ya kusikiliza haki, alitumia haki yake akakata rufaa kwa Kaisari. Hakuona aibu. Hakuna Mkristo amwambiaye Paulo kwamba alikuwa akikwepa sheria. Kukata rufaa si kukwepa sheria; ni kuiita sheria itimize ahadi yake.

Neno «ni kweli»

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 46, yasema kwamba mtu anayesababisha kifo kwa kuendesha gari bila kujali, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma, au kwa kuliacha gari barabarani katika hali ya hatari, aweza kufungwa muda usiozidi miaka 10. Juu ya hayo leseni yake hufutwa, naye hukatazwa kuwa na leseni kwa miaka 3 kuanzia siku ya hatia au mwisho wa kifungo, kutegemea lipi linakuja nyuma. Hii si sheria ya mzaha. Mtu aliyeishi kwa usukani hupoteza uhuru na riziki kwa siku moja.

Na siku hiyo huwaje? Shtaka husomwa upesi. Karani hufasiri. Mshtakiwa huulizwa kama ni kweli. Dereva ambaye hajalala tangu usiku wa ajali, ambaye bado auona uso wa aliyekufa, hujibu: «Ni kweli.» Amekiri nini? Amekiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, kwamba mtu amekufa, na kwamba moyo wamlaumu. Pengine hajakiri hata kidogo kwamba aliendesha kwa njia ya hatari. Lakini kalamu imekwisha kuandika.

Maneno hayo mawili yana uzito mkubwa kuliko jinsi wengi wajuavyo. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai chasema kwamba aliyekiri kosa akahukumiwa kwa kukiri kwake hawezi kukata rufaa juu ya hatia. Aweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo maana twawasihi madereva na jamaa zao: kabla ya kusema «ni kweli», ulizeni ni nini hasa kinachodaiwa kuwa kweli.

Hata hivyo aliyekwisha kutamka hayo asikate tamaa mara moja. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu hulazimika kuufuata hadi leo. Shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Majibu yake yaandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana au kuyafafanua. Akisema jambo linaloonyesha kwamba hakukubali kosa, kukiri kwake kufutwe na kesi isikilizwe. Dereva aliyesema «ni kweli nilimgonga, lakini breki zilikatika» hajakiri. Kama hakimu alimfunga kwa maneno hayo, Mahakama Kuu yaweza kuambiwa hivyo.

Hatari si kosa peke yake

Jambo la pili ni kosa lenyewe. Mwaka 1971 kule Uingereza dereva mmoja, katika kesi iitwayo Gosney, aliingia katika barabara pana yenye pande mbili zilizotenganishwa, akaendesha upande usio wake, akikabiliana na magari yanayomjia. Hakuna awezaye kubisha kwamba hiyo ilikuwa hatari. Lakini yeye alitaka kueleza kwamba namna njia ilivyopangwa ilimpotosha, na jaji wa kwanza akakataa kuusikiliza ushahidi huo. Mahakama ya rufaa ya huko ikaitengua hukumu. Ilisema haitoshi kuonyesha kwamba hali ilikuwa ya hatari. Lazima pia iwepo kasoro ya dereva, hata kama ni ndogo, iliyoileta hatari hiyo. Mahakama za Kenya zimeifuata kanuni hii mara nyingi.

Fikirini maana yake katika barabara zetu. Daraja lililobomoka bila alama. Shimo lililokaa barabarani miezi mingi. Lori bovu lililoachwa gizani, likiwekewa matawi mawili ya miti badala ya taa. Mtembea kwa miguu anayelazimika kupita juu ya lami kwa sababu kandokando hakuna njia. Hakuna lolote kati ya haya linalomwondolea dereva wajibu wa kuwa mwangalifu. Lakini yote ni mambo ambayo hakimu alipaswa kuyapima, na ambayo dereva asiye na wakili huenda hakujua kwamba anaruhusiwa kuyasema. Mchoro wa polisi wa mahali pa ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, ripoti ya daktari aliyechunguza maiti: hizi ndizo karatasi zinazobeba kesi. Mwenye kukata rufaa aulize kama zilitolewa, kama zinapatana na maneno ya mashahidi, na kama yeye mwenyewe aliruhusiwa kuwahoji walioziandika.

Jambo la tatu ni adhabu. Tangu kesi ya Ogolla ya mwaka 1954 mahakama za rufaa za eneo letu zimeshikilia kwamba hazitaigusa adhabu kwa sababu tu zingependa nyingine; zitaigusa ikiwa hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, alisahau jambo muhimu, au adhabu ni kubwa kupita kiasi. Na katika makosa ya barabarani hutofautishwa mtu aliyekosea kwa kitambo kidogo, kwa kupitiwa au kukadiria vibaya, na mtu aliyeendesha kwa ubinafsi, akijua kwamba anayaweka hatarini maisha ya wenzake. Wa kwanza na wa pili wote wameleta msiba. Lakini si watu wa namna moja, na kifungu cha 46, ambacho hakiweki kifungo cha chini kabisa, kimemwachia hakimu nafasi ya kuwatofautisha. Asipowatofautisha, hapo ndipo rufaa ina kazi.

Siku 14

Twaandika sasa kwa ajili ya kamati za haki na amani katika parokia, vikundi vya akina mama, na ndugu wanaotembelea magereza. Mwenye kuhukumiwa na hakimu hukata rufaa katika Mahakama Kuu. Muda ni siku 14 tangu siku ya hukumu. Zihesabuni siku hizo jinsi maskini anavyozihesabu. Siku ya kwanza anavuliwa nguo zake na kupewa za gerezani. Siku ya tatu jamaa wajua yuko gereza gani. Siku ya saba mkewe amepata nauli. Siku ya kumi mtu amewaambia kuna wakili mjini, na siku ya kumi na mbili wakili ametaja ada. Siku ya kumi na tano mlango umefungwa.

Lakini haujafungwa kwa kufuli, na hili watu wengi hawalijui. Sheria yaruhusu mahakama kuipokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri, hasa pale ambapo mkata rufaa alinyimwa au alicheleweshewa nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Tena mfungwa hahitaji kutoka gerezani ili apeleke rufaa yake. Kifungu cha 351 chamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza hati ya rufaa, naye mkuu wa gereza anapaswa kuifikisha mahakamani. Hati yenyewe ni karatasi inayoeleza kwa nini hukumu si sawa. Mtu yeyote ajuaye kuandika vizuri aweza kumsaidia mfungwa kuiandaa. Je, parokia zetu hazina walimu? Hazina makarani waliostaafu?

Rufaa ikisikilizwa, jaji hatakiwi kuipiga muhuri tu hukumu ya hakimu. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972 imekuwa kanuni kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa lazima iupime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Ndiyo maana twasema rufaa ya kwanza ina thamani kubwa. Baada yake, Mahakama ya Rufaa husikiliza mambo ya sheria tu, na ukali wa kifungo hauhesabiwi kuwa jambo la sheria.

Twalazimika pia kusema lililo gumu. Rufaa si bahati nasibu ambayo mtu hucheza bila kupoteza. Jaji aweza kumwachilia mfungwa, aweza kumpunguzia kifungo, aweza kuamuru kesi ianze upya. Lakini pia aweza kuiongeza adhabu. Wala dhamana wakati wa kungoja rufaa haitolewi ovyo, maana aliyehukumiwa hahesabiwi tena kuwa hana hatia. Lazima aonyeshe kwamba rufaa yake ina matumaini makubwa. Anayemsaidia mfungwa amwambie haya yote. Kumdanganya mtu aliye kifungoni ni kumfunga mara ya pili.

Yale ambayo kifo hufunga

Turudi sasa kwa mwaka 1990. Miaka mingi baada ya kifo cha Askofu Muge, afisa wa zamani wa idara ya ujasusi aliiambia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo kile hakikuwa ajali bali kilipangwa. Ripoti ya tume hiyo ilikabidhiwa Rais mnamo Mei 2013. Maneno ya shahidi mbele ya tume si hukumu, nasi hatuyageuzi kuwa hukumu. Lakini tazameni uzito wake. Kama ni ya uongo, jina la dola limechafuliwa bure na linapaswa kusafishwa. Kama yana ukweli, basi mtu aliyefia gerezani alikuwa ama chombo cha wengine ama mwathiriwa wa pili, na kifungo chake hakikueleza chochote.

Katiba ya 2010 yajua hali za namna hii. Kifungu cha 50 chatoa haki ya kukata rufaa, chamtaka Serikali impe mshtakiwa wakili pale ambapo bila wakili udhalimu mkubwa ungetokea, na chasema kwamba aliyehukumiwa aweza kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya ukipatikana ushahidi mpya na wa nguvu. Hizi ni ahadi njema. Lakini ni za walio hai. Kifungu cha 360 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai chasema kwamba mkata rufaa akifa, rufaa yake hufa naye, isipokuwa rufaa inayohusu faini. Someni tena, ndugu zetu. Ikiwa marehemu alitozwa faini, rufaa yaweza kuendelea, maana mali imeguswa. Ikiwa alifungwa, akafia kifungoni, na jina lake likabaki limeandikwa kwamba aliua, hakuna wa kuliendea mahakamani. Sheria yetu yathamini shilingi kuliko jina la mtu.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, Bunge lirekebishe kifungu hicho cha 360 ili mjane, mtoto au ndugu aweze kuiendeleza rufaa ya mfungwa aliyekufa. Pili, msaada wa kisheria ulioahidiwa na Katiba na kuwekewa utaratibu na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 uwafikie madereva wanaokabiliwa na kifungo cha miaka 10, kuanzia siku ya kusomewa shtaka na si baada ya kufungwa. Tatu, kila kifo cha barabarani kinapochunguzwa, wachunguzwe pia mwenye gari na aliyelipa gari hilo kibali cha kupita. Nne, madai yaliyotolewa mbele ya Tume kuhusu kifo cha Askofu Muge yachunguzwe hadharani na mahakama, mashahidi waliosalia waitwe kabla nao hawajaondoka, na jamaa za marehemu wote wawili waketi humo wakisikiliza.

Tunasema marehemu wote wawili. Tunajua sentensi hii itawachoma wengine. Lakini tulipodai vyama vingi, tulipofurahi kifungu cha 2A kilipoondolewa Desemba 1991, hatukutaka tu vyama viwe vingi na mabango yawe ya rangi nyingi. Tulitaka nchi ambayo mkubwa na mdogo wanapimwa kwa mizani moja. Mizani hiyo haionekani siku ya kura peke yake. Inaonekana siku ya kumi na nne, gerezani, mkononi mwa mfungwa asiye na kalamu.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Jumapili ijayo, baada ya ibada, kamati ya haki na amani iulize jambo moja tu: katika gereza lililo karibu nasi, ni nani aliyefungwa mwezi huu kwa kifo cha barabarani, na amebakiwa na siku ngapi? Kisha watu wawili wapande gari waende, wakiwa na karatasi na kalamu. Na wengine wawili waende nyumbani kwa jamaa za aliyekufa, wakawaeleze kwa upole kwa nini kanisa limekwenda gerezani, na wakawaulize nao ni ukweli gani ambao bado hawajaambiwa.